Kupanga hedifoni zako kwa ubora: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akiwa na hedifoni mbili, wenzake humuuliza ipi kali. Akifikisha nne au tano, wanataka orodha kabisa: ya kwanza ipi, ya mwisho ipi. Napenda sana orodha hizo. Nazisoma, nazitunga, na naamini zinaweza kumwokoa mtu anayejinyima ili anunue hedifoni moja nzuri ya kudumu nayo. Ila nyingi zimejengwa juu ya maneno yanayopokezanwa bila kupimwa, na anayeumia ni huyo huyo aliyejinyima.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye hedifoni nne nilizo nazo: Sennheiser HD 600, Beyerdynamic DT 990 Pro ya ohm 250, Sony MDR-7506 na Koss Porta Pro. Zote ni za zamani. Porta Pro ilitoka mwaka 1984, MDR-7506 mwaka 1991, HD 600 mwaka 1997. Ni rahisi kuzikuta studio au kwa rafiki, kwa hiyo haya ninayoyasema unaweza kuyahakikisha kwa masikio yako.

Dhana: "Nimezisikiliza zote mbili, na hii ndiyo kali"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na orodha nyingi zinaharibikia hapa kabla hata hazijaanza. Usikilizaji wetu wa kawaida ni kuvua moja, kuchomeka nyingine kwenye simu ile ile, na kuendelea na wimbo. Volyumu haiguswi. Tunaona kwamba tumetenda haki, kumbe hatujalinganisha kitu.

Chukua MDR-7506 na HD 600. Sony wanasema ya kwao ina ukinzani wa ohm 63, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, na hutoa desibeli 106 kwa miliwati moja ya umeme. Sennheiser wanasema HD 600 ina ohm 300 na hutoa desibeli 97 kwa miliwati hiyo hiyo. Ukipiga hesabu, ukikumbuka kwamba kwa volti zile zile hedifoni ya ohm nyingi hupokea umeme mdogo, basi volyumu ya simu ikiwa pale pale ilipo, Sony italia juu ya Sennheiser kwa zaidi ya desibeli 15. Kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio huhisi sauti imekuwa kubwa karibu maradufu. Hapo HD 600 itaonekana imelala, haina nguvu, wala haina uhai, na mtu ataandika hivyo hivyo kwa nia njema kabisa.

Tofauti kubwa namna hiyo angalau mtu anaweza kuigundua. Ya hatari zaidi ni ndogo, ya desibeli moja au mbili, kwa sababu sikio haliisikii kama volyumu. Linaisikia kama ubora: mwimbaji amesogea karibu, ngoma zimejaa, vyombo vimeachana vizuri. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote, yaani sauti nzito hadi nyembamba, kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayofifia zaidi. Kwa hiyo ukipandisha kidogo tu, besi unayoisikia inakua haraka kuliko sauti za kati. Hedifoni iliyo juu kidogo inashinda kwa ujazo ambao si wake.

Dawa yake haina gharama. Chukua kadibodi ngumu, toboa tundu katikati, weka maikrofoni ya simu nyuma ya tundu hilo. Laza kikombe cha hedifoni upande wa pili, kikae bila mwanya. Cheza mvumo, kama ule wa redio isiyoshika stesheni, uliobanwa kati ya hezi (kipimo cha masafa) 300 na 3,000, yaani eneo inapokaa sauti ya mtu anayeongea, kisha soma programu ya kupimia desibeli. Namba yenyewe usiiamini, maana maikrofoni ya simu haikurekebishwa kwa kazi hiyo. Unachotafuta ni kwamba hedifoni zote zisome namba moja. Andika kila moja inahitaji volyumu ya wapi, na usiiguse tena. Porta Pro inasumbua kidogo kwa kuwa ina sponji nyembamba inayolala juu ya sikio. Ibane kwa nguvu ile ile inayobana kichwani, kisha malizia kwa masikio.

Baada ya hapo, sikiliza kipande kifupi kile kile, sekunde ishirini au thelathini, ukienda na kurudi. Wimbo mzima ni mrefu mno; kumbukumbu ya sauti hufutika upesi, na ukifika mwisho hulinganishi tena hedifoni, unalinganisha hisia zako.

Jambo moja la afya hapa, kwa kuwa kazi hii huchukua saa nyingi na volyumu hupanda bila mtu kujua: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 89 umebakiwa na saa 5 tu za wiki nzima.

Dhana: "Hii haina besi"

Mara nyingi besi ipo, ila inavuja. Hedifoni ambayo kikombe chake kimezibwa kabisa nyuma, kama MDR-7506, inategemea mto uzibe vizuri kuzunguka sikio. Pakitokea mwanya, hewa inatoka, na masafa ya chini ndiyo yanayoondoka kwanza. Mkono wa miwani unatosha kuleta mwanya huo. Misuko minene inatosha. Kofia ikishuka hadi masikioni inatosha. Mtandio uliokunjwa mara mbili chini ya mto unaweza kugeuza hedifoni yenye besi nzito ikawa kama redio ndogo ya mkononi. Mwanamke anayevaa mtandio kila siku hasaidiwi na orodha iliyotungwa na mtu mwenye kipara. Kwake, hedifoni za kuingiza ndani ya tundu la sikio zinaweza kuwa juu ya zote, hata kama kwa mwingine zinashika mkia, kwa sababu hizo huziba tundu lenyewe na kitambaa hupita juu bila kuharibu kitu.

Porta Pro inakuonyesha jambo hili waziwazi. Juu ya kila sikio ina kitelezi kidogo cha kuchagua inavyobana, kuanzia wepesi hadi nguvu. Ukikisogeza upande wa nguvu, sponji inaingia karibu zaidi na sikio na besi inaongezeka papo hapo, wimbo ukiwa ule ule na volyumu ile ile.

Kisha kuna uchakavu. Mito ya MDR-7506 hubanduka ngozi, inaacha vipande vyeusi shingoni na kwenye kola, na kufikia hapo imeshalala bapa na haizibi tena. Ya HD 600 na DT 990 haibanduki, lakini nayo inalala, na sikio linasogea karibu na kiwambo, yaani utando unaotoa sauti. Anayelinganisha hedifoni yake ya miaka sita na mpya ya jana analinganisha mito. Badilisha mito kwanza, ndipo upange.

Dhana: "Ohm nyingi maana yake lazima amplifaya kubwa"

Ohm peke yake haikwambii hedifoni ni ngumu kuisukuma. Inakwambia inataka volti zaidi au mkondo zaidi. Linganisha HD 600 na HE-6 ya HiFiMAN, ambayo ina ohm 50 tu lakini hutoa desibeli 83.5 kwa miliwati. Kufikia desibeli 100, HD 600 inahitaji takriban miliwati 2. HE-6 inahitaji karibu miliwati 45, zaidi ya mara ishirini, ingawa ohm zake ni chache mno. Ukitazama ohm peke yake ungesema HE-6 ndiyo nyepesi.

HD 600 na DT 990 ya ohm 250 zinataka volti, na zipo simu zinazofika mwisho wa volyumu kabla hazijazitosheleza, hasa kwa rekodi za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ya chini. Hapo amplifaya inasaidia kweli. Lakini ikiwa volyumu inakutosha na bado kuna akiba, amplifaya ya bei mbaya haitaipandisha hedifoni yako nafasi kwenye orodha. Fedha hiyo inunue mito.

Dhana: "Ya bei kubwa ndiyo ya juu"

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, akitafuta uhusiano kati ya bei na mwitikio wa masafa, yaani jinsi hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na za juu. Hakuupata. Bei inaweza kukununulia chuma badala ya plastiki, mito laini, vipuri, uzito uliopangwa vizuri kichwani. Hayo yana thamani na ninayahesabu. Lakini yaandikwe kwenye safu yake, yasiingizwe kwenye alama za sauti.

Dhana: "Hezi 5 hadi 35,000, hiyo ndiyo sauti pana"

Ndivyo boksi la DT 990 Pro linavyosema. Sikio zima la kijana husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua umri unavyosonga. Tena namba hizo mbili hazisemi kati yake sauti inapanda na kushuka kiasi gani, na huko ndiko tabia yote ya hedifoni iliko. Zipite tu. Upana wa kiwambo pia: milimita 50 si bora kuliko milimita 40 kwa sababu ya ukubwa.

Dhana: "Iache ilie saa mia kwanza, ndipo uihukumu"

Wapo waliopima hedifoni mpya, wakaziacha zilie muda mrefu, wakapima tena. Mabadiliko yanayoonekana huwa madogo sana, na kuivua na kuivaa tena hedifoni ile ile huleta tofauti kubwa zaidi. Kinachozoea ni wewe. Ubongo hujifunza rangi ya sauti mpya na kuiona ya kawaida, na ndiyo maana hedifoni ya pili kusikilizwa siku hiyo huonekana ya ajabu kwa dakika chache hata kama haina kosa.

Dhana: "Grafu iliyonyooka ndiyo hedifoni sahihi"

Grafu hapa ni mchoro wa mwitikio wa masafa. Spika ikiwa mbele yako, kichwa, sikio la nje na tundu lake hukuza masafa ya hezi 3,000 hivi kabla sauti haijafika ndani. Hedifoni inaruka sehemu ya safari hiyo, kwa hiyo lazima yenyewe ipande katika eneo hilo ili sauti isikike ya kawaida. Iliyonyooka kabisa kwenye kipimo itasikika imeziba, kama mtu anayezungumza nyuma ya pazia. Sean Olive na Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walifanya majaribio mengi kuanzia miaka ya 2010 wakiwasikilizisha watu mikunjo mbalimbali, yaani maumbo tofauti ya grafu hiyo, na mkunjo uliopendwa na wengi si mstari ulionyooka: una besi iliyoinuliwa na mlima kwenye hezi 3,000.

Grafu ninaziheshimu sana na nazitazama kabla ya kununua. Lakini kwenye masafa ya juu kabisa umbo la sikio lako ndilo linaloamua, na kichwa bandia kinachotumika kupimia maabara hakina sikio lako. DT 990 Pro ina kilele kinachojulikana karibu na hezi 8,000. Kwangu kilele hicho kinachoma: mwimbaji wa taarabu akitamka neno lenye s au sh, herufi inarukia mbele ya sauti yake, na fidla inakuwa na ncha. Mwingine anakisikia kama uangavu tu, anafurahi.

Na kilele hicho kinapungua kwa ikwalaiza ya simu, yaani programu ya kupandisha au kushusha masafa fulani. Wapo wanaosema kutumia ikwalaiza ni kudanganya. Siwakubalii. Nikishusha eneo hilo desibeli 5 au 6, DT 990 inakuwa hedifoni nyingine, tena pana na yenye hewa, na inapanda juu. Orodha iseme imepangwa kabla ya ikwalaiza au baada.

Dhana: "Namba moja ni namba moja"

Orodha yangu si moja, na sioni namna inavyoweza kuwa moja. Kwa taarabu, kwaya na sauti ya mtu kwa ujumla, HD 600 iko juu na pengo ni kubwa; kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, inasikika waya kwa waya, na mwimbaji anabaki binadamu. DT 990 iliyorekebishwa inafuata, kisha MDR-7506, kisha Porta Pro. Kwa singeli na nyimbo zinazosimama juu ya besi ya chini kabisa, HD 600 inashuka hadi ya tatu, maana besi yake huanza kunyong'onyea mapema kule chini. Hapo DT 990 inaongoza na Sony inaifuata.

Kwa kuhariri mahojiano, MDR-7506 haina mshindani kati ya hizi nne. Inaanika mlio wa feni, pumzi na mdomo uliokauka, na kwa kuwa imefungwa nyuma, sauti haivuji ikaingia kwenye maikrofoni. HD 600 na DT 990 ziko wazi nyuma. Kwenye daladala zinakuletea sauti ya kondakta na honi zote hadi sikioni, na abiria wa kiti cha pili anasikiliza pamoja nawe, kwa hiyo huko hazipati nafasi yoyote, ya kwanza wala ya mwisho. Porta Pro nayo iko wazi, lakini inakunjika ikaingia mfukoni, simu yoyote inaisukuma, na sponji zake zikichanika unanunua nyingine kwa bei ndogo. Kwa kutembea jioni mtaani, ambapo nataka nisikie pikipiki inayokuja nyuma yangu, ndiyo ya kwanza.