Si kila wimbo wa Harrison umetoka Friar Park
Kila mwanafunzi wangu wa gitaa anapofunga kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya saba ili apige "Here Comes the Sun", hunisimulia kwamba George Harrison, mpiga gitaa wa bendi ya Beatles, aliutunga wimbo huo katika bustani ya jumba lake la Friar Park, mjini Henley-on-Thames, Uingereza. Nimechoka kulisikia. Wimbo ulitungwa majira ya kuchipua ya mwaka 1969 katika bustani ya mpiga gitaa mwenzake Eric Clapton, huko Surrey, siku ambayo Harrison, aliyechoshwa na vikao vya biashara vya Beatles, alitoroka na kuazima gitaa la mwenyeji wake. Santuri ya Abbey Road, yenye wimbo huo, ilitoka Septemba mwaka huohuo, na Friar Park aliinunua mwaka 1970. Iweje basi jumba lililokuwa bado mikononi mwa wengine lizae wimbo wake? Ndiyo sababu nawaagiza wote wasome mwaka kwenye jalada kabla ya kufungua mdomo.

Wimbo wa Friar Park hasa ni "Ballad of Sir Frankie Crisp (Let It Roll)" wa mwaka 1970, ambao unamtoa msikilizaji ukumbini, ukampitisha mlangoni na kumfikisha kwenye chemchemi. Huyo Crisp hakuwa mzimu wala mhusika wa kubuni, bali mwanasheria wa London na mpenzi mkubwa wa hadubini, aliyeimiliki Friar Park kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1919. Alijenga mapango na mlima Matterhorn mdogo wa mawe, na akaweka kibao kinachowasihi wageni wasiache kukanyaga nyasi.

Jina la Friar Park (friar ni mtawa kwa Kiingereza) huwafanya wengine wadhani palikuwa na monasteri ya kale. La hasha, watawa walioishi pale ni masista Wasalesiani, tena katika karne ya 20.

Wapo pia wanaosifu hekima ya Harrison katika "Ding Dong, Ding Dong", ilhali sehemu kubwa ya maneno yake aliyasoma yakiwa yamechongwa nyumbani humo tangu enzi za Crisp.

Na wimbo wake "Crackerbox Palace"? Filamu yake fupi ilipigwa Friar Park, lakini jina ni la nyumba ya mchekeshaji Lord Buckley, Los Angeles.