Mdudu wa dhahabu kwenye matembele: usimtambue kwa rangi

Wakulima wa viazi vitamu hunitumia sana picha za mdudu wa rangi ya dhahabu aliyetulia juu ya tembele, wakiuliza ni nani huyu. Mara nyingi ni Aspidimorpha tecta au ndugu zake wa jenasi hiyohiyo, mbawakawa wala majani wa familia ya Chrysomelidae. Dhahabu ndiyo inayovuta macho, ila kwa kumtambua ndiyo alama ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Si rangi iliyopakwa. Gamba lake lina tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine, zenye unyevu ndani yake. Mwanga ukigonga tabaka hizo na kurudi, ndipo tunaona mng'ao. Akifa anakauka, mpangilio unavurugika na dhahabu inapotea. Akichomwa pini na kuhifadhiwa kama sampuli, anabaki mdudu wa kahawia. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi: mpigeni picha akiwa hai! Huko Panama, jamaa yake Charidotella egregia akisumbuliwa hugeuka mwekundu, kisha dhahabu hurudi.

Tazama kingo badala yake. Kifua na mbawa ngumu vimetanuka pembeni vikawa ukingo mpana unaopitisha mwanga, hata kijani cha jani unakiona chini yake. Kichwa hukioni kwa juu. Kimefunikwa na ngao ya kifua, na papasi tu (nyuzi mbili za kichwani za kupapasia) ndizo zinazochungulia, kila moja ina pingili 11. Sisimizi wakimjia hujibana kwenye jani kama kobe.

Sasa mgeuze chali chini ya lenzi. Pingili ya tatu ya wayo imegawanyika pande mbili na imejaa vinyweleo vya kunatia. Kwa macho, wayo huonekana una pingili 4. Alama hii utaikuta karibu katika familia nzima.

Lava wake, yaani mtoto wake kabla hajawa mbawakawa kamili, hafanani naye hata kidogo: ni bapa, ana miiba pembeni, na mkiani ana uma wa ncha mbili. Humo hubeba magamba aliyojivua, mara nyingi pamoja na kinyesi, akiyakunjia mgongoni kujikinga.

Matundu ya mviringo kwenye majani ni kazi yao, lakini kwa kawaida mavuno hayatetereki. Usikimbilie dawa, hasa kwa matembele ya kula. Wa kuhofia ni fukusi, Cylas puncticollis, ambaye lava wake hutoboa kiazi chenyewe.