Mazingira yanambadilishaje kiumbe? Tuanze na furu wa Mwanza

Ukitaja mageuzi ya viumbe watu wanawaza nyani na binadamu, mjadala unaharibika hapo hapo. Tuache nyani, tuongelee furu, vile visamaki ambavyo mla sato hata haviangalii, ila kwa wanasayansi furu ndo staa wa hili Ziwa Victoria.

Wengi wanachanganya hapa: samaki haamui kubadilika na mazingira hayamfundishi kitu. Samaki wa aina moja hawafanani, mmoja kazaliwa na mdomo mpana kidogo, mwingine anaona rangi nyekundu vizuri zaidi, na baadhi ya tofauti hizo zinarithiwa. Sasa maji, mwanga, chakula na adui vinafanya kazi kama chekeche, anayefaa pale anaishi na kuzaa wengi, asiyefaa anakufa mapema au anazaa wachache, vizazi vikipita kundi zima linafanana na waliobaki, hayo ndo mageuzi. Ukihama Mbeya ukaja Mwanza ukazoea joto hayo sio mageuzi, mwanao harithi kuzoea kwako.

Ziwa Victoria lilishawahi kukauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, ambayo kwa mambo haya ni jana tu. Na bado wakatokea furu wa aina kama 500, wa kula mwani, wa kuvunja konokono, hadi wanaomlazimisha mama ateme watoto aliowaficha mdomoni ili wawale (ndiyo, wapo). Kasi hiyo ina sababu, mababu zao walikuwa chotara wa koo za upande wa Kongo na upande wa Nile, kwa hiyo utofauti wa kuchagulia ulikuwepo tangu mwanzo.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa mwanga. Kuna furu wawili ndugu, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili kapewa jina la Mwalimu. Dume wa kwanza ni wa bluu na anakaa juu juu, wa pili ni mwekundu na anakaa chini zaidi. Kwenye maji yetu mwanga wa bluu unapotea haraka, ukishuka unabaki ule unaoelekea wekundu, kwa hiyo jike wa huko chini mwenye macho ya kushika nyekundu ndo anafaidika, na dume anayemwona vizuri ni yule mwekundu, wa bluu huko ni kama hayupo. Utafiti uliotoka 2008 ulionyesha hata jeni (maagizo ya mwili yanayorithiwa) ya macho inatofautiana kati yao. Pale kisiwa cha Makobe, maji yako safi, wote wawili wapo kwenye miamba ile ile na kila mmoja kabaki na wake, ila njoo Luanso ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni tope, jike hatofautishi rangi, wanazaana tu na unakuta samaki wa katikati katikati. Yaani maji yakichafuka aina ya samaki inaweza kufutika bila hata mmoja kuuawa.

Halafu sangara. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 60, kwenye miaka ya 80 akalipuka, furu wengi wakapotea. Baadhi ya waliorudi baadaye walikutwa na matamvua (viungo vya kupumulia majini) makubwa kuliko wale waliohifadhiwa kwenye chupa miaka ya 70, maana hewa majini ilishapungua. Ila hapo kuwa makini, furu akikulia kwenye maji yenye hewa kidogo matamvua yanakua makubwa hata bila jeni kubadilika, kwa hiyo sio kila badiliko unaloliona ni mageuzi.

Na usiwaze mazingira ni mvua na miti tu, mvuvi naye yumo. Dagaa wa siku hizi wanapevuka wakiwa wadogo kuliko zamani, na hesabu yake wala sio ngumu: mchana sangara, usiku taa na nyavu, dagaa anayesubiri akue kwanza ndo atage anaishia kaangoni kabla hajaacha mtoto, yule wa kutaga mapema ameshaacha wake.