Pilau, tui na moto wa mashigia: kujipikia sherehe katika jiko la sinagogi

Msimu wa harusi ukikaribia, Waswahili wa huku Maryland, Marekani, hunipigia simu na swali lile lile. Wamepata ukumbi wa sinagogi, mpana, wenye maegesho na bei nafuu kuliko hoteli, na mkataba unawaruhusu kujipikia ndani ya jiko la hapo hapo. Kuna sharti moja tu: jiko ni la kosheri, yaani linafuata sheria ya Kiyahudi ya chakula. Wengi hulisoma neno hilo wakadhani maana yake ni kutoleta nguruwe, kisha wakaandaa menyu nzima kwa mazoea ya nyumbani.

Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Mombasa, na kazi yangu ni kuongoza jiko la sinagogi moja pembezoni mwa Baltimore. Si Myahudi, lakini kanuni hizi ndizo ninazoishi nazo kazini, na nazipenda kwa sababu zinamlazimisha mpishi ajue kila kilichomo ndani ya sufuria yake. Ushauri wangu mkubwa ni huu: menyu ianze na jiko. Ukipanga chakula kwanza, halafu ukaja kuuliza kipi kiondolewe, utaondolewa vitu mpaka sherehe iishiwe ladha. Ukianza na jiko, chakula chetu cha pwani kinaingia vizuri kuliko vyakula vingi ninavyoviona vikipikwa pale.

Tuanze na vyombo. Acha vyako nyumbani vyote: sufuria, mwiko, kisu unachokiamini, hata mbuzi ya kukunia nazi. Haihusiani na usafi. Sheria ya Kiyahudi inahesabu kwamba chombo kikikutana na chakula cha moto kinanyonya ladha yake, na ladha hiyo inaweza kutoka tena katika chakula kinachofuata. Kuitoa kuna utaratibu wake. Sufuria ya chuma husuguliwa, hukaa saa 24 bila kutumika, kisha huzamishwa katika maji yanayotokota. Wavu wa kuchomea nyama, kwa kuwa umekutana na moto wenyewe, huchomwa kwa moto mkali. Chungu cha udongo hakina dawa. Mambo hayo huyafanya anayeyajua, kwa wakati wake, si asubuhi ya harusi. Jiko la sinagogi lina vyombo vya kutosha, basi uliza orodha yake na upange kwa hivyo.

Sasa kiini chenyewe, nyama na maziwa. Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake: mara mbili katika Kutoka na mara moja katika Kumbukumbu la Torati. Marabi walilijengea katazo hilo uzio mpana. Nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na havitumii vyombo vya pamoja, na kuku naye akawekwa upande wa nyama. Kwa hiyo utakuta masinki mawili, majiko mawili au oveni mbili, na rangi kila mahali. Mara nyingi nyekundu ni ya nyama, bluu ni ya maziwa, na kijani ni ya vitu visivyo upande wowote, vinavyoitwa parve: samaki, mayai, nafaka, mboga, matunda, mafuta ya mimea. Sherehe yako lazima ichague upande mmoja. Upande ukishachaguliwa, ule mwingine hufungwa kwa kufuli mpaka umalize.

Hapo ndipo menyu ya Kiswahili inapohitaji jicho kali, kwa sababu maziwa kwetu yamejificha. Biriani ya mbuzi iliyolazwa kwenye mtindi haiingii. Chapati za samli mezani pamoja na mchuzi wa nyama haziingii. Halua iliyopikwa kwa samli haiwezi kufuata pilau ya nyama. Na linalowauma wageni kuliko yote: baada ya pilau ya nyama hakuna chai ya maziwa. Wayahudi wengi husubiri saa sita kati ya nyama na maziwa. Wenye asili ya Ujerumani husubiri tatu, na wa Uholanzi saa moja. Hakuna harusi itakayongoja hata hiyo moja. Andaa chai ya rangi yenye tangawizi, iliki na mdalasini, na uwatangulie wazee kwa maelezo kabla vikombe havijafika.

Lakini tazama tulichobaki nacho. Tui la nazi ni parve. Wali wa nazi, maharage ya nazi, mahamri, vitumbua, kuku wa kupaka, samaki wa kupaka, vyote vinapikika bila kubadilishwa roho yake. Wapishi wa Ulaya katika majiko haya huhangaika kutafuta kitu kizito na laini cha kukaa mahali pa krimu, na sisi tumekulia nacho. Biriani nailaza nyama kwa ndimu, nyanya, tangawizi na papai bichi, vitunguu nakaanga kwa mafuta, na sijasikia mgeni akiuliza mtindi uko wapi.

Tui lenyewe lina mambo mawili ya kuangalia. Tui la unga mara nyingi huchanganywa na kaseinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa. Pakiti ikiandikwa hivyo, imeshahamia upande wa bluu. La pili ni macho ya watu. Katika karne ya 16 Rabi Moshe Isserles wa Kraków, Poland, aliandika kuhusu maziwa ya lozi: ukiyatumia na nyama ya ng'ombe au mbuzi, weka lozi kando yake, ili atazamaye asidhani umevunja sheria. Kwa kuku alilegeza. Basi nikipeleka nyama ya nazi mezani, kipande cha nazi hukaa ukingoni mwa sinia. Wageni hudhani ni pambo, na ni zuri kweli, ila lina kazi.

Kitunguu nacho nataka kukikalia kidogo, maana ndicho kinachowakwamisha wapishi wazoefu. Vitu vikali, kama kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, vina hukumu yao: vikikatwa kwa kisu cha nyama, hata kama kisu ni safi na baridi, vinahesabiwa vimechukua ladha ya nyama. Kachumbari uliyoikata kwa kisu chekundu haiendi tena na samaki wa upande wa maziwa. Na sisi ni watu wa vitunguu. Kwa hiyo kazi ya kukata naipanga iwe ya kwanza, asubuhi, visu vya kijani na ubao wa kijani, tangawizi na saumu zikisagwa kwenye mashine ya kijani, kila bakuli likiwekewa karatasi yenye jina. Nyama haitolewi kwenye friji mpaka kazi hiyo iishe.

Kuhusu nyama, swali linalorudi kila msimu huulizwa na mama wa bwana harusi, na ni haki yake kuuliza: "Mwanangu, nyama yetu ya halali ina kasoro gani?" Haina kasoro, mama, ila haikuchinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi aliyefunzwa, mapafu hayakukaguliwa kwa utaratibu wao, na damu haikutolewa kwa chumvi. Nyama ya kosheri hulowekwa nusu saa, hupakwa chumvi saa moja, kisha husuuzwa; siku hizi bucha hufanya yote hayo, wewe unainunua tayari, imefungwa na kutiwa lakiri. Kwa sababu imeshakula chumvi, punguza yako katika pilau mpaka uonje. Maini ni habari nyingine: damu yake ni nyingi, hivyo huchomwa kwanza juu ya moto wa wazi. Ngamia, aliye halali kwa Waislamu, hapa hana nafasi kabisa. Upande wa pili kuna unafuu: Waislamu wengi hutegemea aya ya Surat al-Maida inayohalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, basi wageni wako Waislamu wengi watakula nyama ya kosheri kwa moyo mweupe. Wengine hawakubali, kwa hiyo waulize mapema.

Usitafute fileti wala paja. Mshipa mkubwa wa paja umekatazwa tangu kisa cha Yakobo katika kitabu cha Mwanzo, kuuondoa ni kazi ya fundi, na huku Marekani mabucha mengi ya kosheri huuza robo ya mbele tu. Kidari, bega, shingo, mbavu: hizo ndizo nyama za pilau hata hivyo. Bei yake ni kali, na hapo ndipo ninapotoa maoni yangu. Kama ni mara yako ya kwanza, na familia itakubali, fanya sherehe ya samaki na maziwa. Chai ya maziwa inarudi, samli inarudi, gharama inapungua, na hatari ya kukosea inapungua zaidi. Familia nyingi hukataa. Harusi bila nyama kwao si harusi, nami sibishani nao.

Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Nguru na changu wanaingia; papa, taa, kambare, pweza, ngisi, kamba na kaa hawaingii. Akinunuliwa kwenye duka la kawaida aje na ngozi yenye magamba yanayoonekana. Minofu iliyochunwa hurudishwa mlangoni, isipokuwa samoni, ambaye rangi yake inamtambulisha. Kwenye sherehe ya nyama samaki anaruhusiwa, ila kwa sahani na uma tofauti. Wapo Wayahudi, hasa wa asili ya Mashariki, ambao hawali samaki pamoja na maziwa, kwa hiyo samaki wa kupaka kwa tui ni salama kuliko samaki wa krimu.

Vitu vya dukani vinaingia vikiwa havijafunguliwa, vikiwa na alama ya kosheri. Alama mtakayoiona zaidi ni herufi U ndani ya duara, inayoitwa OU. Hapa Baltimore ni makao ya Star-K, yenye K ndani ya nyota. Herufi D pembeni yake ni maziwa. Herufi P kwenye OU maana yake ni Pasaka ya Wayahudi, si parve, na nimeona mikokoteni mizima ya bidhaa ikinunuliwa kwa kuchanganya hayo mawili. K iliyosimama peke yake haitoshi, kwa kuwa herufi tupu haisajiliki kama alama ya biashara na kiwanda chochote kinaweza kuichapa. Viungo vizima, iliki, karafuu, mdalasini, bizari nyembamba, pilipili manga, jiko letu linavipokea bila alama. Vya kusaga lazima viwe nayo. Nunua vizima usage pale pale. Pilau itakushukuru.

Mboga za majani hukaguliwa wadudu, na hili huchukua muda ambao watu hawauhesabu. Dania, mchicha, letusi na koliflawa huloweshwa, husuuzwa, kisha hutazamwa jani kwa jani mbele ya mwanga. Kachumbari ya wageni mia tatu yenye dania nyingi ni kazi ya watu wawili kwa muda mrefu. Kabichi na karoti hazisumbui hivyo. Mayai huvunjwa moja moja ndani ya glasi. Lenye doa la damu hutupwa.

Anayesimamia haya yote ni mashigia, msimamizi wa kosheri. Mwenye sherehe ndiye anayemlipa, kwa saa, na bila yeye jiko halifunguliwi. Ana funguo za friji za nyama, na nyama isiyolindwa na jicho wala lakiri anaweza kuikataa. Yeye ndiye anayewasha moto. Vyakula vya heshima vinavyopikwa, visivyoliwa vibichi, vinahitaji mkono wa Myahudi katika upishi. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kuwasha moto kunatosha. Wasefardi, wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, wengi wao hutaka yeye ndiye aweke sufuria juu ya moto. Kwa hiyo moto ukizimika, usiguse kiberiti. Mwite. Mkaribishe kama mkubwa wa jiko, mpe orodha yako ya vyakula wiki kadhaa kabla, na umuulize kila unachokitilia shaka. Mashigia mwenye taarifa mapema ni msaada mkubwa. Anayeshtukizwa hana jibu ila hapana.

Divai, kama itakuwepo, iwe ya kosheri na iwe mevushali, yaani iliyopashwa moto, ili wahudumu wasio Wayahudi waimimine bila kuiharibia hukumu. Siki ya zabibu nayo ina masharti ya divai. Kwetu ndimu na ukwaju vinatosha.

Tarehe iangaliwe kabla ya kulipa chochote. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi nyota za Jumamosi hakuna kupika, hakuna kuwasha, hakuna gari la mizigo mlangoni. Mwezi Juni hapa Sabato huisha karibu saa tatu na nusu usiku. Ukitaka harusi ya Jumamosi jioni, utaanza kupika wageni wakiwa wameshachoka. Desemba huisha kabla ya saa kumi na mbili jioni, na bado ni mbio. Chagua Jumapili. Mizigo yote iingie kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa, mashigia aikague na kuifungia, na Jumapili alfajiri muanze na vitunguu.

Jambo la mwisho ni mabaki. Chakula kinaruhusiwa kutoka, vyombo haviruhusiwi. Sufuria ya sinagogi ikipanda gari lako, hata kwa usiku mmoja, hairudi jikoni bila kufanyiwa upya. Nunua trei za foili za kutosha kuwafungia wazee na majirani, na mtu mmoja wa familia abaki na mashigia mpaka sufuria ya mwisho ihesabiwe.