Sudan: Rais Aliondoka, Bunduki Zikabaki

Kiswahili kina neno moja, mapinduzi, kwa umma unaomng'oa mtawala na kwa jeshi linalojitwalia ikulu. Ndiyo maana ubishi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, kuhusu Sudan huwa hauishi: kule yalitokea yote mawili kwa mpigo.

Maandamano yalipamba moto Desemba 2018. Atbara, mji wa reli, watu walitoka kwa sababu mkate ulipanda kutoka pauni 1 hadi 3. Aprili 6, 2019 wakapiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, Khartoum. Siku tano baadaye majenerali wakamwondoa Omar al-Bashir aliyetawala miaka 30, kisha wakaketi wao.

Hati ya mpito ya Agosti 2019, makubaliano ya jeshi na raia ya kutawala pamoja hadi uchaguzi, ilitoa miezi 39. Baraza Kuu, lililoshika nafasi ya mkuu wa nchi, lilikuwa na watu 11: wanajeshi 5, raia 5, na raia mmoja wa kukubaliana. Ukihesabu vichwa, raia walishinda. Ila uenyekiti ulikuwa wa mwanajeshi kwa miezi 21 ya kwanza, na wa raia kwa 18 ya mwisho. Mawaziri wa ulinzi na mambo ya ndani waliteuliwa na upande wa jeshi. Kikosi cha RSF, wanamgambo wenye kamanda wao na biashara yao ya dhahabu, kikaachwa kando ya jeshi badala ya kuunganishwa nalo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, halizungumzwi sana. Bunge la mpito lilipaswa kuundwa ndani ya siku 90. Halikuundwa kamwe, kwa hiyo hapakuwa na chombo cha kumhoji jenerali yeyote. Mapatano ya Juba ya Oktoba 2020, kati ya serikali ya mpito na makundi ya waasi, nayo yakaanza kuhesabu ile miezi 39 upya, na tarehe ya jeshi kukabidhi uenyekiti kwa raia ikawa ya kugombaniwa. Oktoba 25, 2021 Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi na mwenyekiti wa Baraza Kuu, akamkamata Waziri Mkuu wa mpito, Abdalla Hamdok, ambaye ni raia. Aprili 15, 2023 jeshi na RSF wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe.

Juni 2024, vijana walipojaa barabara za Kisumu na Nakuru, wengi waliuliza: rais akiondoka, nani anashika? Jibu liko Ibara ya 146 ya Katiba ya Kenya. Naibu Rais humalizia muhula. Naye asipokuwepo au asipoweza, Spika wa Bunge la Kitaifa hukaimu, na uchaguzi hufanyika ndani ya siku 60. Jenerali hayumo kwenye foleni hiyo.