TB imepona, mbona pumzi bado fupi?

Nilimaliza dozi ya miezi 6, makohozi yakapimwa, nikaambiwa nimepona. Mbona nikipanda ngazi mbili tatu pale Kariakoo nahema kama nimebeba gunia?

Umepona kweli. Ila dawa huua vimelea, kovu haziliondoi. Kabla hujaanza dozi, pafu lilikuwa linaliwa. Palipoliwa hubaki kovu gumu lisilotanuka unapovuta pumzi, au shimo. Mirija ya hewa nayo huweza kulegea na kutanuka, makohozi yakatuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba. Ndiyo maana wapo wanaokohoa kila asubuhi miaka mingi baada ya kupona, hasa waliochelewa kuanza dawa au waliougua zaidi ya mara moja.

Nyumbani wamenitengea kikombe. Bado naambukiza?

Kama makohozi yamepimwa na hayana vimelea, huambukizi. Kovu haliambukizi. Na TB yenyewe huenea kwa hewa, si kwa kikombe. Kuleni pamoja, tafadhali.

Nikirudi kituoni si nitaanzishiwa dozi upya?

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kovu la zamani huonekana kwenye eksirei, na mtu anayekohoa akiwa na picha yenye madoa anaweza kudhaniwa TB imerudi. Hata kipimo cha jinieksipati (GeneXpert), mashine inayosaka vinasaba vya vimelea kwenye makohozi, huweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Kwa hiyo sema mapema, kabla hujaulizwa: niliwahi kutibiwa TB, mwaka fulani, na kadi yangu hii hapa. Wakati mwingine itabidi makohozi yaoteshwe maabara ndipo ukweli ujulikane. Kama si TB, omba rufaa ukapimwe nguvu ya pumzi.

Lakini TB hurudi pia. Homa za jioni, jasho la usiku, nguo kuanza kupwaya: nenda upime wiki hiyo hiyo.

Nikikohoa damu?

Usisubiri kukuche. Huenda TB imerudi, huenda ni mirija iliyotanuka, au fangasi walioota ndani ya shimo la zamani. Hospitali ndiyo itakayojua.

Kovu lina dawa?

Halifutiki, ila pumzi huongezeka kwa mazoezi. Tembea kila siku, mtaani kwako au ufukweni Coco, mpaka uheme kidogo, pumzika, endelea. Baadhi husaidiwa na dawa ya kuvuta kwa pampu, daktari ataamua. Sigara acha kabisa. Na jiko la mkaa, mama, litoe nje ya chumba hata mvua ikinyesha, tafuta kibaraza.