Derge si Lhasa

Kila muhula, nikifika kwenye somo la Tibet, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, si Tibet yote ilikuwa chini ya Lhasa, mji wake mkuu?" Muhula huu nimeulizwa mara nne. Basi niandike.

Dhana: Tibet ni Lhasa.

Ukweli: Chukua ramani uitafute wilaya ya Derge. Utaikuta ukingo wa mashariki wa mto ambao Watibet huuita Drichu, Wachina huuita Jinsha, nasi shuleni tuliusoma kwa jina la Yangtze. Iko mkoa wa Sichuan. Ukivuka mto ndipo unaingia Mkoa Unaojiendesha wa Tibet. Ng'ambo zote mbili wanaishi Watibet wa Kham, eneo la mashariki la nchi ya Watibet. Derge ilikuwa na wafalme wake kwa karne kadhaa, mpaka Zhao Erfeng, ofisa wa Qing, dola ya kifalme ya China, alipouvunja ufalme huo mwanzoni mwa karne ya 20. Jeshi la Lhasa liliichukua Derge mwaka 1918, likanyang'anywa na Liu Wenhui, mbabe wa kivita wa Sichuan, mwaka 1932. Kwa hiyo ukisoma habari yoyote ya Kham, uliza kwanza: ng'ambo ipi ya mto, mwaka gani?

Na msiniambie Derge ilikuwa pembezoni. Mwaka 1729 mfalme Tenpa Tsering alianzisha nyumba ya uchapaji ambayo mpaka leo inafanya kazi. Kangyur yake, yaani mkusanyo wa mafundisho ya Buddha kwa Kitibeti, iliyohaririwa na lama Situ Panchen na kukamilika 1733, wanazuoni wanaitegemea hadi sasa. Wachapaji hukaa wawili wawili, wakitazamana, ubao uliochongwa maandishi kinyumenyume ukiwa kati yao. Huyu anapaka wino, yule anatandaza karatasi, rola inapita, ukurasa unabanduliwa. Karatasi ya jadi hutengenezwa kwa mizizi ya mmea wenye sumu, ndiyo maana wadudu hawaili.

Dhana: Tibet ni tambarare ya barafu tupu.

Ukweli: Mji wa Derge umebanwa kwenye bonde jembamba. Barafu iko juu, kwenye mlima Chola wenye mita 6,168. Malori yalikuwa yakipanda njia ya juu ya mlima huo kwa hofu kubwa, hadi handaki lilipofunguliwa 2017.

Dhana: Watibet wote ni wahamaji.

Ukweli: Mabondeni wanalima shayiri, kwenye malisho ya juu wanachunga yaki, ng'ombe wenye manyoya marefu. Tangu zamani mkulima hutoa shayiri, mfugaji hutoa siagi, kila mmoja akarudi kwake na alichokikosa.